Taa Aliyepita Juu ya Kichwa Changu

Isecheno, Jumapili, saa kumi jioni

Mwanangu Muhonja,

Wewe na mama yako mmetoka sasa hivi kwenda Khayega kumuaga nyanya. Najua hamtarudi upesi, kwa sababu nyanya huyo hamwachilii mtu anayesafiri kabla hajala ingokho, yule kuku wake. Kwa hivyo nina kama saa mbili peke yangu hapa barazani, pamoja na kurasa nilizochana katikati ya daftari la kazi. Mwandiko wangu si mzuri, unaujua. Miaka ishirini na sita ya kutembeza wageni msituni nimeandika majina ya ndege tu, na hayo pia kwa haraka, nikiwa nimesimama.

Habari za blanketi, za simu na za watu wa kuchunga safarini sitazigusa. Mama yako amezisema zote, nyingine amezisema mara tatu. Mimi nataka kukuandikia mambo ambayo nikijaribu kuyasema kwa mdomo hugeuka kuwa utani. Kesho saa moja asubuhi unaondoka kwenda kufanya kazi chini ya bahari, kazi ya miaka miwili, na tangu juzi nimeshindwa kutulia kama kwamba ni mimi ninayekwenda. Asubuhi kanisani mzee wa kanisa aliniuliza kama ninaumwa, maana nilikuwa nachezesha miguu.

Acha nianze na ile simu.

Ulikuwa na wiki sita huko pwani, kwenye yale mafunzo yako ya kupiga mbizi. Mimi nilikuwa njiani msituni na wageni wawili, tunamngoja mbega mmoja ashuke. Ukapiga. Hukunisalimia hata.

"Baba, nimeona taa."

"Taa gani? Kwani huko stima inapoteanga?"

Ulicheka mpaka wageni wangu wakasikia. Ukasema, "Taa ni samaki, Baba. Ni mpana, ana mabawa. Sebule yetu haimtoshi. Amepita juu yangu polepole, nimeona tumbo lake lote."

Kisha ukanieleza kwamba tumboni kila taa wa aina hiyo ana madoa yake, hakuna wawili wanaofanana, na kwamba nyinyi huwapiga picha ili mjue nani amerudi na nani ni mgeni. Ukasema, "Ni kama wewe unavyowajua kima kwa sura zao. Mimi nilijifunza kwako kuangalia."

Mbega alishuka, wageni wakafurahi, wakaniuliza maswali. Sikumbuki niliwajibu nini. Nilikuwa nafikiri tu kwamba mwanangu ameona kitu ambacho mimi sijakiona, na kwamba nikikaa nilivyo nitakufa sijakiona.

Jumanne iliyofuata nilipanda boda mpaka Kakamega mjini, kwenye lile bwawa la kuogelea la hoteli. Unalijua. Ulikuwa na miaka kumi na minne nilipokutoa mle ndani kwa mkono, nguo za kuogelea zikidondosha maji, nikakupitisha katikati ya meza za watu waliokuwa wakila. Hukulia. Ulitembea ukiangalia mbele, na mimi ndiye niliyekuwa natetemeka. Nyumbani nikakuambia kwamba mtoto wangu hataingia kwenye maji tena mpaka nife.

Sasa nilimkuta mwalimu ni yuleyule, Rispa, ila amenenepa kidogo. Alinitambua.

"Mzee, leo umekuja kumtoa nani?"

Nikamwambia, "Leo nimekuja kujitia mwenyewe."

Alinichanganya na walimu watatu wastaafu, akina mama, ambao daktari aliwaambia waogelee kwa ajili ya magoti. Hao ndio waliokuwa darasa langu kwa miezi minne. Mama yako nilimwambia naenda mikutano ya waongozaji. Jumanne mbili za kwanza sikuweza hata kuweka uso majini. Mmoja wa wale akina mama, mkubwa kuliko wote, alielea chali mbele yangu kama jani, akaniambia, "Baba, maji hayakujui, hayana sababu ya kukuchukia." Alikuwa ananifariji. Hakujua kwamba hilo ndilo neno gumu kuliko yote ambayo angeniambia.

Ngoja nikueleze kwa nini, kwa sababu hadithi niliyokupa tangu utotoni haijakamilika.

Unajua kwamba kaka yangu Shivachi alichukuliwa na Mto Yala. Umesikia kwamba tulikuwa tunavusha ng'ombe baada ya mvua, kwamba aliteleza, na kwamba mimi nilikimbia kuita watu. Yote ni kweli isipokuwa mpangilio. Yeye alikuwa na miaka ishirini, mimi kumi na saba. Aliteleza, akashika tawi, akaniita kwa jina. Mkononi nilikuwa na kamba ya ng'ombe. Nilisimama. Sikuitupa ile kamba, sikusogea, sikupiga kelele. Niliitazama tu ile sehemu ya maji. Nilikimbia kuita watu wakati hapakuwa tena na mtu wa kuokoa.

Sijui kama kamba ingemfikia. Nimeipima kichwani mara nyingi, na kila mara inakuwa na urefu tofauti. Baba yangu alikufa akiamini kwamba nilifanya niwezalo. Na mimi, badala ya kuchukia ule mguu wangu uliokataa kusogea, nikachukia maji. Ilikuwa rahisi zaidi. Nikayakataza kwangu, nikayakataza kwa mama yako, nikayakataza kwako, nikajiita mzazi mwangalifu.

Nikienda kwa Rispa kila Jumanne nilikuwa naingia na hilo kifuani. Siku nilipoogelea upana wa bwawa bila kugusa chini, wale akina mama walipiga makofi, na Rispa akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia ni dawa ya maji.

Basi nikaja pwani. Uliponialika kuona mwisho wa mafunzo yenu ulitegemea nikae ufukweni nikinywa madafu, nikupungie mkono. Sitasahau uso wako nilipovua shati. Mwalimu wenu Salim akasema, "Baba Muhonja, karibu sana, lakini utapimwa na daktari kwanza, na siku tatu utakuwa kwenye maji ya kiunoni na binti yako." Wewe uliuliza tu, "Tangu lini?" Nikasema, "Tangu taa."

Zile siku tatu ulikuwa mwalimu mkali. Nilikuwa sijawahi kukuona hivyo. Nyumbani wewe ni mtu wa kunong'ona. Pale ulinifungia mtungi wa hewa mgongoni, ukavuta kila mkanda, ukanifanya nivue miwani chini ya maji na kuivaa tena, mara kumi. Nikikosea unaniambia, "Rudia," bila "tafadhali." Salim naye kila mara ananikumbusha sheria yake moja: "Usizuie pumzi. Ukiogopa, pumua. Ukifurahi, pumua. Usikome kupumua." Niliiona sheria ndogo sana kwa kitu kikubwa hivyo.

Siku ya nne tulitoka na boti mpaka kwenye mwamba wa matumbawe. Nilianguka majini kinyumenyume kama ulivyonionyesha, nikashika ile kamba ya kushukia, nikaanza kwenda chini. Masikio yalibana, nikaziba pua nikapuliza, yakafunguka. Ulikuwa mbele yangu uso kwa uso, ukishuka ninavyoshuka. Muhonja, nilikuwa nadhani chini kutakuwa giza. Nikageuza kichwa nikaona msitu. Kulikuwa na matawi, vichaka, mapango, na samaki wa manjano wakiingia na kutoka kama shomoro kwenye paa. Na sauti. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna sauti, ile ya kupasukapasuka kama mahindi yanakaangwa nyumba ya jirani.

Nilijawa na furaha, nikakuinulia kidole gumba.

Papo hapo ukanishika mkanda na kuanza kunipandisha. Nikakuinulia kidole tena kukuhakikishia kwamba niko sawa kabisa, nawe ukazidi kunipandisha. Tulipotoka juu ulitoa kile kitu mdomoni, macho yamekutoka.

"Baba, una nini? Kifua?"

"Sina kitu. Nilikuwa nakuambia ni kuzuri."

"Kidole gumba ni kupanda juu! Nimekufundisha siku tatu. Ishara ya sawa ni duara la vidole."

Salim kwenye boti alijifunika uso kwa kofia acheke vizuri. Wewe ulijitahidi kukasirika, ukashindwa. Tukashuka tena.

Mara hii ndipo ilipotokea ile ambayo hatujawahi kuizungumza. Tulikuwa tumefika karibu na ule mwamba mkubwa ambako taa huja kusafishwa na samaki wadogo. Maji yakapenya kwenye miwani yangu. Si mengi, lakini yalifika machoni, na kwa ghafla sikuwa baharini tena, nilikuwa Yala. Mwili wote ulitaka kwenda juu. Nilizuia pumzi, nikaanza kupiga miguu. Ukanishika. Mkono mmoja kwenye mkanda wa kifua, mwingine ukanielekezea macho yako: hapa, nitazame hapa. Hukunivuta kwa nguvu, wala hukuonyesha haraka. Ulikuwa unapumua, naona viputo vyako vinatoka, vinakoma, vinatoka. Nikaanza kupumua pamoja navyo. Kisha ukagusa miwani yako mwenyewe, nikakumbuka, nikainua uso, nikapuliza kwa pua, maji yakatoka.

Sijui ilichukua muda gani. Kwako labda ilikuwa kazi ya kawaida. Mimi nilikuwa naona kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyofanya wakati mwenzake anapoita ndani ya maji. Hafanyi jambo kubwa. Anabaki, anashika, anapumua.

Nilipotulia ukanionyesha nyuma yangu kwa kidole.

Muhonja, nimeona mambo msituni. Nimeona chui mara moja. Lakini sijawahi kuona kitu kinachokuja namna ile. Kwanza kilikuwa kivuli tu katika bluu, kisha kikawa na kingo, kisha mabawa yakainuka na kushuka, polepole, kama mama yako anapokung'uta shuka. Mgongo mweusi. Pembe mbili za nyama mbele ya mdomo zimekunjwa. Hakutuogopa hata kidogo. Alikuja moja kwa moja mpaka nikafikiri atanigonga, kisha akainua bawa akapita juu ya kichwa changu, na tumbo lake jeupe lilikuwa dari yote niliyokuwa nayo. Jicho lake lilinitazama. Nimetazamwa na wanyama maisha yangu yote, najua tofauti ya mnyama anayekuangalia kama hatari na anayekuangalia kama jambo la kuchunguza. Yule aliniangalia kama jambo.

Akazunguka, akarudi. Nyuma yake akaja wa pili, kisha wa tatu mdogo. Samaki wadogo wakawakimbilia kama wachuuzi wanaolikimbilia basi likisimama. Wewe ulikuwa umelala chali karibu na mchanga, unapiga picha za matumbo, na nikakuona unafanya kazi. Siku zote nilikuwa nimekuona unasaidia, unatii, unangoja. Nilikuwa sijawahi kukuona unafanya kazi yako. Mikono yako ilikuwa imetulia sana.

Kwenye boti nilizungumza bila kukoma, mpaka Salim akasema huyu mzee amemeza redio. Wewe ulikuwa umeinamia kamera, unalinganisha picha na zile za zamani. Ukasema, "Huyu wa tatu hayumo. Baba, huyu ni mgeni, hatujawahi kumwandika. Mpe jina." Nilitazama yale madoa. Yalikuwa yamejazana upande mmoja, na mengine yametawanyika kuelekea nje, kama soko linavyoonekana kutoka mlimani siku ya soko. Nikasema, "Khayega." Watu wa boti wakajaribu kulitamka. Sasa kuna taa anaogelea huko anaitwa Khayega, na nyanya yako anaamini ni kwa heshima yake.

Ndipo ukasema lile neno. Ulilisema kwa furaha tu, ukifunga kamera kwenye kisanduku: "Kama wale wa kwanza niliowaomba mafunzo wangenipigia simu ule mwaka, ningekuwa nimekuleta hapa mapema."

Nilishika ukingo wa boti. Ukafikiri ni mawimbi.

Walipiga, mayi, mwanangu. Wale wa kwanza walipiga.

Simu yako ilikuwa imeharibika, na kwenye fomu ulikuwa umeandika namba yangu. Nilikuwa hapa Isecheno, karibu na ofisi ya msitu, peke yangu. Mwanamke mmoja akaniuliza kama ni mimi mzazi wa Muhonja. Akasema wamekupa nafasi ya mafunzo, wanakutafuta tangu Jumatatu, utakuja? Sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Amepata kazi nyingine." Akasema pole, akanishukuru, akakata. Nilichukua muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu.

Wewe ulikaa mwaka mzima kwenye kibanda cha mama yako ukishona vifungo vya sare za shule. Mara mbili uliniuliza, "Baba, hawajapiganga?" Mara mbili nikakujibu, "Hawajapiga." Mara ya pili ulikuwa umeniletea chai. Nilikunywa chai hiyo.

Sitakuambia kwamba nilifanya kwa sababu ya mapenzi. Nimejaribu kuliandika hivyo, karatasi hiyo nimeikunja iko hapa chini ya kiti. Nilifanya kwa sababu ungeenda, ungeingia majini, na mimi ningebaki kuwa yule peke yake katika nyumba hii aliyeshindwa. Ulipotuma maombi kwingine, ukaweka namba yako mwenyewe, ukaondoka bila kuniomba ruhusa, nilikasirika wiki nzima. Leo nashukuru kwamba hukuniomba. Ningekataa, na ungeweza kunitii.

Kama kuna kitu nilichojifunza, nikakulipia gharama yake mapema, ni hiki tu. Hofu yangu niliipa majina mazuri. Niliiita uangalizi, niliiita uzoefu, siku nyingine niliiita sala. Wewe utakuwa kiongozi wa watu chini ya maji, na siku moja utaogopa kwa ajili ya mtu mwingine. Siwezi kukuambia utafanya nini. Nakuambia tu kwamba mimi nilipoogopa kwa ajili yako, sikukuuliza hata mara moja wewe unaona nini.

Mama yako nilimwambia jana mchana, la kamba na la simu pia. Aliacha kushona. Kisha akauliza, "Utamwambia lini?" Nikasema nitaandika barua, niifiche kwenye begi lako, uisome ukishafika.

Akasema, "Hapana. Utampa mkononi, na utakaa hapo akisoma."

Kwa hivyo mkifika nitakupa kurasa hizi kabla hatujapakua chakula. Mimi nitakaa kwenye kile kiti kingine, sitasema neno, sitajifanya naangalia simu. Soma polepole. Basi ni kesho, bado tuna jioni yote. Kama ni hasira, nataka nizipate nikiwa hapa, na si kwa simu kutoka upande wa pili wa nchi. Kama utataka kuondoka kesho bila kunisemesha, nitalibeba begi lako mpaka stendi hata hivyo, nitembee nyuma yako.

Na kama itafika siku ambayo utaweza kunitaka tena karibu nawe, Rispa anasema sasa naweza kuogelea urefu wote wa bwawa, kwenda na kurudi. Nimeanza pia kuandika madoa ya Khayega kwa kumbukumbu, ukurasa wa nyuma wa daftari, lakini upande wa kushoto sina hakika nao. Nahitaji kumwona tena.

Nasikia sauti yako njiani. Unamwambia mama yako kitu, na mnacheka. Naikunja sasa.

Baba yako